Filamu Aliyoitafsiri Baba

"Kubadilisha majina si kutunga," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Nimesema video hii siipandishi kwenye chaneli, na siipandishi."

"Lakini Mama, jenerali wetu anaitwa Nyamongo," Kemuma alisisitiza. "Kwa filamu yao hakuna Nyamongo."

"Na farasi tumemfanya ng'ombe," Bosire aliongeza.

"Ng'ombe aliyepotea vilevile, akatafutwa vilevile, akapatikana vilevile. Hata muziki mmeukata kwa filamu yao mkaubandika kwa yenu."

Kemuma alikunja uso. Wiki nzima, yeye na Bosire, mwanafunzi mwenzake, walikuwa wakirekodi sehemu ya kwanza ya vichekesho vyao vya mfululizo nyuma ya studio ya Mama, hapo mjini Ogembo. Walikuwa wameitoa kwenye Farasi wa Jenerali, filamu ya zamani ambayo karibu kila mtu ameiona. Mama alikuwa mpiga video wa harusi na mazishi, na kazi zake aliziweka kwenye chaneli ya studio ili jamaa walio mbali wazitazame. Baba alikuwa mmoja wa hao walio mbali. Alifanya kazi ya ulinzi Doha, na mkataba wake ulikuwa umeongezwa tena. Kemuma alitaka jambo moja tu: Baba afungue simu yake huko aliko, aione kazi yao, acheke.

"Tumeigiza sisi wenyewe, Mama Kemuma," Bosire alisema. "Jasho ni letu."

Mama aligeuza kiti. "Bosire, wewe ni wa Nyacheki, chai unaijua. Ukiingia shambani kwa jirani yenu Machogu alfajiri, uchume kwa mikono yako, ubebe kikapu kwa mgongo wako hadi kituo cha kupimia chai, upimiwe kwa namba yako ya mkulima, jasho ni la nani?"

"Langu."

"Na chai?"

Bosire alikuna kichwa. "Ya Machogu."

"Haya. Wazo la mtu kutafuta mnyama wake aliyepotea ni la kila mtu. Lakini mazungumzo, muziki na mpangilio wa matukio, hivyo ni vya walioitengeneza filamu. Hiyo ndiyo hakimiliki. Mwaka jana niliweka wimbo wa mtu kwenye video ya harusi bila kuomba, chaneli ikapewa onyo. Ikifungwa, mtakula hizo kamera?"

"Lakini yetu ni ya kuchekesha," Kemuma alisema. "Mwalimu wa Kiingereza alituambia mtu anaweza kuiga kazi ya mwingine kwa dhihaka."

"Dhihaka ya nani? Mnaicheka filamu yenyewe, mkionyesha upumbavu wake, au mnaipanda mgongoni tu iwabebe? Anayedhihaki huchukua kidogo, kiasi cha watu kuitambua, halafu anasema lake. Na hata huyo huuliza kwanza sheria inamruhusu nini. Nyinyi mmebeba kuanzia mlango hadi paa. Lenu liko wapi?"

Kemuma alitazama dirishani, ambako wauzaji ndizi walikuwa wakifunika mikungu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Mama alimwangalia, kisha akaongea kwa sauti ya chini kidogo. "Filamu ziko nyingi. Kwa nini hii?"

"Ndiyo tuliyokuwa tunaangalia na Baba."

Mama alizima feni ya mezani iliyokuwa ikinguruma, akakunja mikono. "Basi nichekeshe. Nipe sehemu unayoipenda kuliko zote."

Kemuma alisimama. Alitoa kifua mbele, akakunja ndita. "Ni pale jenerali anasimama mbele ya wapanda farasi elfu moja. Anachomoa upanga. Anawatazama wote. Halafu anauliza, 'Nani ameacha geti wazi, ng'ombe wakaingia kwa mahindi ya jirani?' Hakuna anayejibu. Anasema, 'Sawa. Leo hakuna mtu atakula ugali mpaka huyo mtu ajitokeze.'"

Bosire aliangua kicheko hadi akashika meza. Mama naye alifunika mdomo kwa kiganja.

"Lakini hiyo haiko kwa filamu," Bosire alisema alipopata pumzi. "Pale jenerali anasema mambo ya vita na mfalme."

Kemuma aliketi. Kweli, haikuwamo. Nyanya hakujua lugha ya filamu ile, kwa hiyo nyumbani Baba aliketi kwenye kiti chake karibu na runinga akimtafsiria. Baba mwenyewe hakuijua vizuri. Alipokwama alikohoa kwanza, kisha akajaza vya kwake, na Nyanya aliamini kila neno. Mara nyingine Nyanya alimjibu jenerali, akimshauri afunge geti kwa waya. Wote waliangalia filamu, lakini waliyekuwa wakimsikiliza ni Baba.

Sasa kiti kile kilikuwa na nguo za kupigwa pasi.

"Mimi sina hamu ya filamu," Kemuma alisema polepole. "Nina hamu ya kumsikia Baba." Akapangusa macho kwa mkono wa sweta. "Mama, tutatunga nyingine. Nyumba moja, runinga moja, na baba anayetafsiri filamu asizozielewa. Filamu zenyewe hazitaonekana. Tutaonyesha tu watu wanaotazama."

"Na hizo filamu?"

"Tutazibuni sisi."

"Hapo unaongea. Na maneno ya geti na ugali, ni ya nani?"

Kemuma alishusha pumzi. "Ya Baba."

"Basi?"

Kemuma alichukua simu ya Mama. Kwanza alifungua kwenye kompyuta video waliyoirekodi wiki nzima, akaitazama mara ya mwisho, akaifuta. Bosire alifumba macho kama anayedungwa sindano. Kisha Kemuma akapiga Doha.

"Baba, ninaomba ruhusa," alisema, akaeleza yote.

"Mlikuwa mnajua sijui ile lugha?" Baba aliuliza, mvumo wa magari ya kule ukisikika nyuma yake.

"Sote, isipokuwa Nyanya."

Alicheka, kicheko kilekile kirefu, na Kemuma akaibana simu sikioni kicheko kisimwagike hata kidogo. "Tumieni," Baba alisema. "Lakini jina langu liandikwe, tena kwa herufi kubwa. Na nani atakuwa mimi?"

"Bosire."

"Huyo? Mwambie ajifunze kukohoa kwanza."

Mama aliisogelea simu. "Umesikia binti yako, Baba Kemuma? Kuomba kumechukua dakika chache, kuiba kulichukua wiki." Akamgeukia Kemuma. "Kazi ya mtu usiichukue bila ruhusa yake, hata kama unaipenda, hata kama mwenyewe ni babako. Na kabla ya kuchukua ya mwingine, tazama kwanza ulicho nacho."

Mvua ilianza kupiga mabati. Mama aliwasha kamera, akavuta kiti mbele yake.

"Bosire, kaa. Kohoa."