Jina Kwenye Kichupa

Nazroon alikuwa anageuza chapati za roti jikoni aliposikia harufu ya maziwa ya mama. Si ya ng'ombe. Ile tamu, vuguvugu, inayokaa kwenye nguo za anayenyonyesha. Miaka sita ameishi na Fazal katika nyumba hii ya mji mdogo wa Penal, na hakuna mtoto aliyewahi kulazwa humo.

"Umemwingiza nani humu ndani?" alimwuliza mumewe.

"Nimwingize nani, Naz? Acha maneno yako." Lakini alijibu akitazama mlango.

Tangu siku hiyo akamshuku. Alinusa mashati yake, akapekua simu yake, asipate kitu.

Jumatatu walikwenda mjini San Fernando kwa Daktari Ramlogan kuchukua majibu ya vipimo vya uzazi.

"Mirija ya uzazi ya mama iko wazi, na mayai yanapevuka," daktari alisema. "Mbegu za bwana ni chache kidogo, ila zina uhai. Mirija ingekuwa imeziba, au mbegu zingekuwa haba mno, ningewashauri njia nyingine. Ninyi inawafaa njia ya kupandikiza mbegu. Tunazisafisha mbegu, tunachagua zenye nguvu, na yai likikaribia kutoka tunaziingiza kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Dakika chache tu." Akashika kalamu. "Bwana Fazal, umewahi kumpa mwanamke mwingine mimba?"

"Hapana."

Nyuma ya pazia la kitanda cha kupimia, mtoto mchanga akalia mara moja, kisha kimya. Daktari aliendelea kuandika. Nazroon alivuta pazia. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limelowa katikati. Alipogeuka, Fazal alikuwa ameziba masikio.

Ndani ya gari Nazroon akambana. "Kumbe na wewe umesikia. Ni nani?"

"Savitri," Fazal alinong'ona. "Tulikuwa vijana. Nilimkana, nikasema mimba si yangu. Akafa nayo, ikiwa na miezi saba."

Watu wa Penal wana jina la mzuka wa mwanamke aliyekufa na mimba: churile. Nazroon hakulitamka.

Maulvi, shehe wa mtaa, akaitwa, akasoma dua chumba hadi chumba, akanyunyiza maji. "Kisomo kitamtoa nyumbani tu," alimwambia Fazal. "Ili asikufuate tena, kwa mama yake Savitri utakwenda mwenyewe, umwambie ukweli."

Fazal aliondoka, akarudi baada ya saa moja. "Nimemwambia," alisema, na harufu ilikuwa imeshatoweka nyumbani. Nazroon hakuuliza zaidi, ingawa kutoka kwao hadi kwa yule mama na kurudi ni saa mbili.

Siku ya kupandikizwa, Nazroon alilala kwenye kitanda cha kliniki, Fazal akiwa pembeni, nesi akaleta kichupa cha mbegu. "Mama, soma jina uthibitishe ni lako."

Nazroon alisoma Fazal Hosein, na chini yake, pale alipoandika jina lake mwenyewe asubuhi ile kwa mkono wake, akaona mwandiko ule ule wake, wino ule ule, umeandika Savitri, akamtazama mumewe aliyekuwa anaikodolea macho sakafu, akajua kwamba hakufika kwa mama yule wala hakusema lolote, akafungua mdomo amzuie nesi, na badala yake akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, yenye furaha ya msichana aliyengoja sana, ikijibu:

"Ndiyo, dada. Ni mimi."