Kioo cha Picha ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama Chapchap alipotumwa kuleta sura ya marehemu. Kazi ndogo tu. Mtu akifa na gazeti halina picha yake, mpigapicha huenda msibani, akaomba ile ya ukutani, akaipiga palepale na kuirudisha kwenye msumari wake. Miaka yote ya kazi Chapchap alikuwa amepiga mafuriko, ajali za malori na wakubwa wakisinzia mikutanoni, na hakuwahi kurudi ofisini mikono mitupu. Alijivunia hilo kupita kiasi.

"Usichelewe, baba," bintiye alimwambia kwenye simu. "Leo uliahidi tutakula pamoja."

"Namalizana na huyu mzee tu, mama. Nakuja."

Marehemu alikuwa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita mchawi. Labda ndiyo maana msibani hapakuwa na watu. Hakuna kiti nje. Hakuna kilio. Ndani mlinuka udongo mbichi, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi.

Mjane alikuwa amekaa sakafuni, peke yake.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba. Natoka gazetini..."

"Marahaba. Najua ulichofuata." Alinyoosha kidole ukutani. "Piga. Lakini kioo usikitoe."

Pichani mzee alikaa kitini, macho yamekaza mbele. Chapchap akapiga. Mng'ao mtupu! Kwenye kamera aliuona uso wake mwenyewe umelala juu ya uso wa marehemu. Akainamisha fremu, akapiga tena. Yaleyale. Mpigapicha yeyote anajua dawa yake: unageuza fremu, unachomoa vijipini vya nyuma, unatoa kioo. Mjane alipoingia jikoni kumletea maji, akaona asipoteze muda.

Kioo kikatoka.

Harufu ya udongo ikapanda. Nyuma yake, mtu akashusha pumzi... ndefu, kama aliyetua mzigo.

Aligeuka. Hakuna mtu.

Alipiga moja bila kuangalia, akarudisha kioo na kuitundika fremu. Mjane akatokea na kikombe. Alitazama ukutani, kisha mlango uliokuwa wazi.

"Unaishi na nani?" alinong'ona.

"Na binti yangu."

Kikombe kikamponyoka. "Wahi nyumbani, mwanangu. Wahi!"

Chapchap alitoka mbio. Lakini ukurasa wa tanzia ulikuwa unamsubiri, na yeye hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Akapitia ofisini kwanza.

"Chapchap!" Mhariri wa picha aliangua kicheko. "Nimekutuma mzee, umeniletea kiti. Kwani kiti ndicho kilichofariki?"

Chapchap akainamia kompyuta. Kiti kilikuwepo.

Mzee hakuwepo.

Simu yake ikaita.

"Baba..." Bintiye alikuwa ananong'ona. "Kuna mzee sebuleni. Anasema wewe ndiye uliyemfungulia."

"Toka nje! Toka sasa hivi!"

"Amesimama mlangoni." Pumzi... ndefu. "Baba, anauliza kioo cha picha yetu kinatolewaje."

Simu ikakatika.

Alikuta mlango wazi. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na chakula bado kilikuwa kinafuka mvuke. Sebule ilinuka udongo mbichi. Alimwita bintiye chumbani, jikoni, uani, hadi sauti ikamkauka.

Ndipo akaiona picha. Ilikuwa picha pekee katika nyumba ile ambayo na yeye alikuwamo, kwa kuwa siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Ilikuwa imeegemezwa kwenye sahani yake. Kioo kilikuwa kimelazwa pembeni, na vijipini vimepangwa vizuri juu yake.

Pichani yeye alikuwa amekaa vilevile. Ubavuni kwake, pale palipokuwa na bintiye akiwa bado mtoto mwenye pengo, alisimama msichana mkubwa aliyeshika mwiko. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Mjane alihama bila kuaga. Polisi waliandika maelezo, wakaondoka. Mhariri, kwa huruma zake, alimletea fremu mpya yenye kioo kizuri, na Chapchap akamfukuza kwa matusi. Picha iko wazi mezani hadi leo. Kila jioni huipangusa vumbi kwa kidole, taratibu, halafu huketi mbele yake na kula bila hamu.

Jana mwiko ulikuwa katika mkono wa kulia. Leo uko mkono wa kushoto.