Koti la Kiyoyozi

Mke wangu ni fundi cherehani, na hawezi kuona kitu kimekaa uchi akakiacha. Redio yetu ina kitambaa. Ndoo ya maji ina kitambaa. Hata mtungi wa gesi jikoni umevaa sketi ya marinda. Mimi ni mpaka rangi. Jioni nikirudi sikai sana karibu na cherehani, nisije nikapimwa na mimi.

Basi tulipomnunulia Baba kiyoyozi, nacho kikavikwa.

Baba yangu alipata kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea, na maneno yanamtoka kwa taabu. Muda mwingi yuko kitandani. Anayemwosha, anayemlisha na kumgeuza ni mke wangu. Nalisema hili mbele ya watu wote: mimi ni mtoto wa kumzaa, lakini anayemlea Baba ni yeye. Hata cherehani aliihamishia chumbani kwake, ashone huku akimwangalia.

Chumba kile kilikuwa na joto la kupikia. Nesi anayekuja kumwona alituonya mapema.

"Mzee akishinda na jasho, ngozi ya mgongo itachubuka," alisema. "Akae pakavu, na akae penye ubaridi."

Tukachangishana mimi na ndugu zangu, kiyoyozi kikaletwa. Siku kilipowashwa mara ya kwanza, Baba alifumba macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Mke wangu alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akakata turubai zito, akaishonea koti mashine ya nje, ile inayoning'inia ukutani nyuma ya nyumba. Lilikuwa koti la haja! Lilikuwa na vifungo, na mbele lilikuwa na dirisha la mviringo, pale feni inapopulizia.

"Isinyeshewe, isiingie vumbi," aliniambia. "Na pa kupumulia nimeiachia."

Nilimsifu. Majirani nao walimsifu.

Miezi ikapita. Msimu wa joto ulipoanza tena, kiyoyozi kikaanza vituko. Kinavuma, baridi hakuna. Kinazima chenyewe, kinawaka, kinazima tena. Maji yakaanza kudondoka ukutani, tone, tone, karibu na kichwa cha Baba. Nikashika rimoti, nikashusha namba mpaka zikagoma kushuka. Wapi! Joto likapanda, bili ya umeme nayo ikapanda. Nikakitukana kile chombo mbele ya mzazi wangu, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa anamgeuza Baba. Ghafla akaniita. Nikasogea kuangalia. Ngozi ya mgongo ilikuwa imeanza kuchubuka.

Kaka yangu mkubwa anaishi mbali, katika mji wa milimani wenye baridi. Habari zilipomfikia, akapiga simu.

"Jumamosi nakuja na gari," alisema. "Namchukua Mzee akakae kwangu. Hapo mtamuua."

"Kaka, kwako nyote mnashinda kazini. Nani atamgeuza?"

"Tutatafuta mtu. Jumamosi, nimemaliza."

Kaka akiongea kwenye simu, mtaa mzima unasikia. Baba alisikia kila neno. Alimtazama mke wangu, akahangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka.

"Si... endi."

"Huendi popote, Baba," mke wangu akamjibu. Kisha akaenda jikoni, na huko nikamsikia akilia.

Ijumaa alikuja mteja wake mpya kuchukua ovaroli aliyoagiza. Alikuwa ametuambia anaitwa Mama Barafu, nasi tukadhani anauza barafu. Nilijiuliza muuza barafu anataka ovaroli ya nini, lakini mambo ya wateja wa mke wangu siyaingilii. Alipitia uani, na kabla hajamaliza kupiga hodi tukasikia kicheko.

"Jamani! Nani kaivika mashine koti? Inaumwa?"

Mke wangu akatoka nje, uso umemshuka.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naitunza."

Yule mama akaacha kucheka hapo hapo. Akalishika lile koti, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Mshono huu ni wa mtu mwenye upendo. Lakini ngoja nikuoneshe kitu. Shemeji, nenda kazime swichi ya ukutani. Mashine haifunguliwi ikiwa na umeme."

"Kwani wewe si muuza barafu?" nikaropoka.

"Barafu ya nini? Mimi ni fundi wa viyoyozi, na katika mji huu bado sijaona wa kunizidi!"

Haya, nikazima. Akafungua vifungo, akalivua lile koti. Mgongo wa mashine ulikuwa umejaa vumbi, majani makavu na nyumba ya nyigu.

"Weka mkono hapa," alimwambia mke wangu. "Huku nyuma na ubavuni ndiko inakovutia hewa. Mbele inatoa tu lile joto la chumbani. Wewe umeacha mdomo wazi, ukaziba pua."

"Na mvua je?"

"Imetengenezwa ikae mvuani. Umewahi kuona paa la nyumba limevaa koti?"

Tukaingia chumbani. Akamsalimia Baba kwa heshima, akapanda ngazi, akafungua uso wa kiyoyozi na kuchomoa chujio. Ilikuwa blanketi, si chujio! Nyuzi za vitambaa zilikuwa zimeshikamana, rangi juu ya rangi.

"Mungu wangu," mke wangu akasema. "Hii ya kijani ni ya sare za shule. Na hii zambarau si zile nguo za kwaya?"

Baba akaguna. Kwake huko ndiko kucheka.

"Hewa yote anayovuta Mzee inapita hapa," Mama Barafu akasema. "Chujio linaoshwa kwa maji, linakaushwa kivulini, linarudishwa. Nyumba ya kawaida, mara moja kwa mwezi. Nyumba yenye cherehani chumbani, kila wiki mbili. Hiyo haihitaji fundi wala pesa. Hata wewe shemeji unaweza, kwa mikono yako hiyo ya rangi."

"Mimi nilijua gesi ndiyo imeisha," nikasema.

"Hii si gesi ya jikoni, shemeji. Haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja, pazibwe kwanza. Yenu nitaipima."

Tulimhamishia Baba sebuleni, tukamkalisha mahali anapotuona. Mama Barafu akaenda kuchukua vifaa vyake, akafunga nailoni chini ya kiyoyozi, akaanza kurusha maji ndani kwa pampu. Nailoni ikachanika. Maji meusi yakanimwagikia mimi, kichwani mpaka viatuni.

"Nailoni zinanitesa kila nyumba," alilalamika.

Mke wangu alitazama ile nailoni. Akatazama koti lake lililokuwa chini. Akachukua mkasi, akalikata, akakaa kwenye cherehani. Trrr, trrr! Alipoinuka alikuwa na mfuko mpana wa turubai, una kamba za kufungia juu, na chini una mrija wa kupeleka maji kwenye ndoo. Halikumwagika hata tone.

"Dada!" Mama Barafu akapiga kelele juu ya ngazi. "Wewe ulikuwa wapi siku zote?"

Akaosha ndani, akaosha nje. Akazibua bomba la kutolea maji, ukatoka utelezi mzito uliochanganyika na nyuzi. Hiyo ndiyo sababu maji yalikuwa yanadondokea ukutani. Gesi alipoipima, ilikuwa kamili.

"Sasa fundi aje mara mbili kwa mwaka," alisema akifuta mikono.

"Mara mbili! Pesa hizo zitoke wapi?"

"Shemeji, bili yako ya umeme ya mwezi uliopita ilizidi kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Ziada hiyo peke yake ingenilipa, na chenji ningekurudishia. Na mashine ikiungua utanunua nyingine. Chagua mwenyewe."

Akachukua rimoti, akaweka ishirini na tano.

"Iache hapo. Ukishusha mpaka mwisho haipozi haraka zaidi. Unaichosha bure, na umeme unaliwa."

Kaka alifika Jumamosi. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikuwa ametandika godoro. Aliingia chumbani kwa Baba na maneno yake yote, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kutusomea makosa yetu. Alisoma, akasoma, kisha nikaona anajikumbatia mikono.

Baba akavuta pumzi, akapambana na ulimi.

"Shu... ka."

Sote tukatazamana. Mzee aliyekuwa akiloa jasho usiku na mchana anaomba shuka! Mke wangu alimfunika taratibu mpaka kifuani. Kaka akamfunua, akamgeuza kidogo, akaangalia mgongo. Palikuwa pakavu, na pamepakwa dawa.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Ahsante. Mzee abaki hapa hapa." Kisha akaongeza, "Na mimi nipeni shuka."

Aliondoka na godoro lake tupu. Wiki chache baadaye ngozi ya Baba ilipona, na bili ya umeme ikashuka. Kila wiki mbili naosha chujio. Nikijisahau, Baba ananyoosha mkono wake mzima kuelekea kiyoyozi, na haushushi mpaka niinuke. Mafundi wenzake Mama Barafu walipouona ule mfuko, wakaagiza na wao. Sasa turubai limejaa nyumbani, na mashine ya nje iko uchi, inapumua.

Juzi Mama Barafu alikuja kwa zamu yake. Alipomaliza, Baba alimpa mkono.

"Ahsante."

Akamgeukia mke wangu. Safari hii alikaa muda mrefu akilitafuta neno, nasi tukasubiri.

"Ahsante... mwanangu."

Mke wangu akainama, akaweka uso wake kwenye mkono wa Baba. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji machafu, nikashindwa kutoka wala kuingia.