Joto la Marcelina

Marcelina aliishi Makoko, mjini Musoma, pamoja na mume wake Wenceslaus. Wenceslaus alikuwa fundi baiskeli. Marcelina alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Watoto wao walikuwa wamekua na kuondoka nyumbani. Wa kwanza aliitwa Boniphace, kwa hiyo watu walimwita Marcelina Mama Boniphace.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwishoni mwishoni. Taabu zilikuwa zimeanza kupungua. Sabuni na sukari zilionekana tena madukani. Sokoni nguo za mitumba zilijaa, na humo Marcelina alipata raba nyeupe za kuchezea. Alizifurahia sana, maana alipenda netiboli. Tangu usichana wake alikuwa mlinzi wa goli katika timu ya kiwanda. Kila Mei Mosi timu za wafanyakazi zilishindana, na watu wengi walimjua kwa mikono yake mirefu.

Alipofika miaka arobaini na minane, mwili wake ulianza kubadilika. Hedhi ilikuja, ikapotea miezi miwili, ikarudi tena. Akiwa kazini, joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni. Jasho lilimtoka mpaka gauni likalowa. Halafu joto lilikwisha, akasikia baridi. Usingizi ulimpaa. Maneno madogo yalimkasirisha.

Wenceslaus alifikiri ni malaria. Alimletea vidonge vya klorokwini, Marcelina akameza. Joto halikuondoka. Alimletea vingine, akameza tena. Masikio yalimvuma, lakini joto likabaki palepale.

Marcelina alianza kutambua kwamba siku zake za mwezi zilikuwa zinakaribia kukoma. Lakini hakumwambia mtu. Kiwandani aliwahi kuwasikia wanawake wakisema kuwa mwanamke akifika hapo amekwisha. Aliogopa kwamba Fatu, kapteni wa timu, angemtoa na kuweka msichana. Fatu alikuwa mwanamke mkali, wa maneno machache. Zaidi ya hayo, Marcelina aliogopa mume wake angeanza kumwona bibi kizee.

Akaamua kushindana na umri. Kila alfajiri alikimbia kutoka Makoko hadi mjini na kurudi. Jioni, baada ya kusimama kazini kutwa nzima, alifanya mazoezi na timu. Hakujipa hata siku moja ya kupumzika. Tena, kwa kuwa tumbo lilikuwa limeanza kunenepa, alipunguza chakula. Asubuhi alikunywa chai ya rangi tu. Jioni alimega matonge machache ya ugali, akasema ameshiba.

Baada ya wiki kadhaa, mguu wa kushoto ulianza kuuma, chini ya goti. Ulimuuma akikimbia, ukatulia akikaa. Aliufunga kitambaa akaendelea. Wenceslaus alipomwuliza kwa nini anachechemea, alimjibu kwa ukali kwamba hachechemei. Lakini tangu siku hiyo Wenceslaus alianza kuteka maji yeye mwenyewe kabla ya kwenda kazini.

Jioni moja uwanjani, Marcelina aliruka kuuzuia mpira. Alipotua, mguu ulikataa. Alianguka, akajaribu kusimama, akashindwa. Wenceslaus aliitwa. Alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma polepole hadi hospitali, mkono mmoja ukiwa umemshika mgongoni. Walipiga picha ya mfupa. Daktari aliona ufa mwembamba. Alimfunga mguu, akampa magongo, akamwambia asiukanyagie mpaka atakaporuhusiwa.

Kesho yake jirani yao Getruda alikuja kumpa pole. Getruda alikuwa muuguzi, naye alimzidi Marcelina miaka kadhaa. Alileta mtindi katika kibuyu. Aliuliza habari za mguu, kisha akauliza habari za chakula, za usingizi, na za hedhi. Marcelina alimtazama Wenceslaus, aliyekuwa amekaa mlangoni. Wenceslaus alitaka kuondoka, lakini Getruda alimwomba abaki.

Marcelina akaeleza yote, macho yakiwa chini. Mwishowe alitaja hata hofu yake ya kuonekana bibi kizee.

"Mimi nilikuwaga naona unaumwa tu," Wenceslaus alisema taratibu. "Kumbe ulikuwa unanikimbia mimi. Mama Boniphace, mimi nimezeeka na wewe. Ungebaki msichana, mimi ningezeeka na nani?"

Marcelina alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya khanga.

Getruda alisubiri atulie. Kisha akamwambia kuwa joto lile si malaria, wala si uchawi. Mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, kichocheo fulani katika mwili wake hupungua. Kichocheo hicho ndicho kilichokuwa kinasaidia mambo mengi. Kikipungua, joto hupanda na kushuka, na usingizi huwa mgumu. Alimwambia asimeze tena klorokwini bila kupimwa damu.

"Na mfupa?" Marcelina aliuliza. "Ni mazoezi yameuvunja? Wenzangu wanasemaga mwanamke wa umri huu asikimbie."

"Hapana, usiache mazoezi," Getruda alijibu. "Kichocheo hicho kilikuwa kinailinda mifupa pia. Sasa kimepungua, mifupa inapoteza nguvu haraka. Mazoezi yanaitia nguvu mifupa, na moyo vilevile. Lakini mfupa unajengwa wakati wa kupumzika, na unajengwa kwa chakula. Wewe uliukimbiza kila siku, ukaunyima vyote viwili."

Alieleza kuwa mguu ukipona, Marcelina aanze kwa kutembea. Halafu atembee haraka. Kukimbia na kuruka kuje baadaye, kidogo kidogo. Baada ya siku ya mazoezi makali, ifuate siku ya kupumzika au ya kazi nyepesi. Ale ashibe: dagaa wazima na mifupa yao, maharage, maziwa, mchicha. Joto likipanda, akae kivulini, anywe maji, avae nguo nyepesi. Mazoezi hayataliondoa joto lote, lakini yatamsaidia kulala na kutulia moyo. Mfupa ukiuma tena, apumzike aende hospitali, asiufunge kitambaa tu. Maumivu ya kifua wakati wa mazoezi ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kisha aliwatazama wote wawili. Akasema kuwa mpaka mwaka mzima upite bila hedhi, mimba bado inaweza kuingia. Wenceslaus alikohoa, akatazama nje. Na mwaka ukishapita, damu ikionekana tena, hata tone, aende hospitali bila kungoja.

Mfupa ulipona. Wenceslaus alikuwa akipita soko la samaki kila jioni kununua dagaa. Marcelina aliporuhusiwa, walianza kutembea pamoja asubuhi kando ya ziwa. Mwanzoni walifika karibu tu. Taratibu wakawa wanafika mbali, wakizungumza mambo ambayo kwa miaka mingi hawakupata nafasi ya kuyazungumza. Joto liliendelea kumjia, lakini hakuliogopa tena. Usingizi ulirudi.

Mei Mosi iliyofuata Marcelina aliingia uwanjani kipindi cha pili. Alizuia mipira mizuri. Katikati ya mchezo joto lilimpanda. Zamani angejificha. Safari hii aliinua mkono, akatoka, akakaa kivulini akanywa maji mbele ya watu wote. Msichana mmoja akaingia mahali pake. Timu yao ilifungwa, na bado walicheka walipokuwa wakikusanya vitu vyao.

Wachezaji wengine walipoondoka, Fatu alibaki. Alijifanya anakunja jezi. Mwishowe aliuliza, bila kumtazama Marcelina, kama lile joto huanzia kifuani.

"Huanzia kifuani," Marcelina alisema.

Fatu aliendelea kukunja jezi ileile. "Mimi ni mwaka wa pili sasa," alisema. "Sijamwambia mtu. Hata nyumbani hawajui."

Marcelina alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja hadi kwa Getruda. Getruda alifungua mlango, akawaona wawili wamesimama na vumbi la uwanjani miguuni.

"Dada," Marcelina alisema, "nimekuja na mwenzangu."