Kandambili za Peniel

Siku ya mnada duka la Harish hujaa mpaka barazani. Asnath alijipenyeza hadi kaunta, gauni lake la kijani limekunjamana, uso umechoka.

"Shikamoo mzee Harish. Naomba washa ya koki, kale kampira ka ndani."

"Marahaba. Washa zimekwisha, binti. Chukua koki mpya ya China."

"Si ndiyo hiyo hiyo niliyonunua Pasaka, na sasa inavuja!"

Nyuma yake kijana mrefu, shati la mtumba limepigwa pasi likanyooka, akacheka. "Dada, usinunue. Nitakutengenezea mimi."

"Kwani wewe fundi?"

"Koki ndiyo ya kuniuliza mimi?" akajibu Peniel, muuza mafuta ya alizeti ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua hata moja. Ndivyo walivyo wanaume. Mbele ya macho mazuri hakuna wasichokijua.

Wiki zikapita. Penzi likakolea, koki ikaendelea kuvuja. Kila jioni simu ililia.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Koki je, mpenzi?"

"Jumamosi, laazizi. Haki ya Mungu."

"Jumamosi ipi, Peniel? Naishi na tone, tone, tone kichwani! Nitaifungua mwenyewe."

"Ufungue koki na mimi nipo? Watu watanionaje?"

Jumamosi akaja kweli. Maji yalikuwa ya mgao na siku hiyo hayakutoka, kwa hiyo hakuhangaika kutafuta pa kuyafungia. Asnath, fundi cherehani, akamwachia nyumba na kwenda kibandani kwake sokoni. Peniel akaifungua koki, akaona mpira umelika, akatoka kutafuta mwingine huku bomba liko wazi. Alikwenda kutafuta mpira wa koki, akakuta mpira wa redioni. Akasimama kidogo kusikiliza. Hicho kidogo kikawa kipindi cha pili chote.

Maji yakarudi.

Asnath aliporejea, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango. Ndani, gauni jeupe la harusi la mteja wake Marietha lilikuwa limelowa kapuni pamoja na kitenge chekundu. Sasa lilikuwa la waridi. Jirani akakimbilia kufunga maji kwenye mita. Hapo ndipo Peniel akatokea. Akasimama mlangoni, akavua kandambili zake kwa adabu, akaingia kwenye maji yaliyomfika vifundoni.

"Na viatu unavua!" Asnath akapiga kelele. "Umenigharikisha nyumba, halafu unavua viatu!"

"Asnath, mama, nisikilize..."

"Ungesema hujui, ningekufa? Toka!"

Peniel akatoka kwa mlango wa uani, pekupeku.

Kesho yake akapiga simu, ikakatwa. Akabipu, simu ikazimwa. Asnath alikuwa analishona gauni upya, anashona huku analia. Alimpenda yule mwongo, na hilo lilimuudhi kuliko gauni. Washa hakuna, na kuomba maji kwa jirani amechoka. Akazitazama kandambili pale mlangoni. Akachukua mkasi wake mkubwa, akakata kiduara cha mpira kisiginoni mwa moja.

Mpira wa kwanza ulikuwa mnene, koki ikagoma kufunga. Wa pili ukachanika. Akaitukana koki, akaitukana China, akamtukana Peniel. Wa tatu ukakaa. Akafungulia maji kwenye mita, akarudi kusikiliza. Kimya. Akatamani sana kumwambia mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu.

Jioni mtu akapiga hodi.

"Nimefuata kandambili zangu," Peniel akasema, macho chini.

Asnath akampa, moja nzima, moja ina matundu kisiginoni. "Kipande kingine kimo kwenye koki. Haivuji."

Peniel akaigeuzageuza ile yenye matundu. "Umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mimi koki siijui, Asnath. Sikuwahi kuijua. Pale dukani niliogopa tu utaondoka."

"Si ungesema hivyo?"

"Nasema sasa." Akavaa ile nzima, akamrudishia yenye matundu. "Baki nayo hii. Koki itavuja tena, tutahitaji mpira."

"Tutahitaji? Mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Nataka kukuoa."

Asnath akamtazama alivyosimama, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu, vumbi tele.

"Bado nina hasira," akasema.

"Najua."

"Basi vua hiyo kandambili uingie ndani. Na koki yangu usiiguse."