Jina la Marehemu kwenye Kaye ya Foni

"Asmani Radjabu yuko wapi?"

Mwanangu Anwari alikuwa amepigishwa magoti mbele ya mlango wake, mikono kichwani. Ilikuwa saa saba mchana, watu wanatoka msikitini.

"Asmani ni baba yangu, shefu. Alikufa."

"Lini?"

"Mwaka wa tisini na sita."

Mkubwa wa wanajeshi akafungua kaye, daftari la wanaoagiza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Na mwezi uliopita ameagiza katoni mbili za mawe ya redio toka Kigoma. Maiti anasikiliza redio?"

Wenzake wakacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne tu pembeni, bakuli la ndagala mkononi. Nilikuwa namletea chakula.

Jibu nilikuwa nalo...

Nikanyamaza.

Wanangu mnaosoma hapa, msiharakishe kunihukumu. Au harakisheni tu, ni haki yenu. Mimi ni Bibi Mwamini wa Rumonge, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo naandika polepole. Lakini naandika yote.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na moja, vita bado. Barabara ya Bujumbura ilikuwa mbaya, hasa ukifika kule Kabezi. Ulikuwa ukipanda gari unaaga kwanza.

Sasa Anwari alikuwa na foni. Vijana hamuijui. Ni redio ya kuongelea na watu wa mbali, betri ya gari chini, waya mrefu umefungwa juu ya mchikichi. Ilikuwa na karatasi ya ruhusa yenye mihuri miwili. Unakuja, unamwambia unataka nini, anaita Kigoma, tajiri wa kule anapakia kwenye boti. Siku ya tatu mzigo uko mwaloni, pale boti zinaposhushia. Unaubeba mpaka nyumbani, sokoni haupiti.

Na sisi wa sokoni je?

Mimi nilikuwa na meza ya sabuni, chumvi na mawe ya redio, yaani betri ndogo za redio na tochi. Kila asubuhi natoa ushuru wa meza. Mteja anapita, anauliza bei, anatabasamu, anaenda kuagiza kwa foni.

Kwa foni ya mwanangu mwenyewe.

Wanawake wa soko walinichagua niwasemee. Tukakutana na Bwana Éphraïm, mtoza ushuru. Jirani yangu Pascasie alikuja kutupinga. Yeye alikuwa fundi cherehani, vitambaa vyote anaagiza kwa foni.

"Dada Mwamini," akasema, "wewe unalipia meza, kivuli na choo cha soko. Foni iko na choo?"

Watu wakacheka sana.

"Mwalo unaposhushia ni wa nani?" nikamuuliza. "Njia unayopita na mzigo ni ya nani? Kitenge ni kitenge, kikitoka kwenye meza ya soko au kikitoka hewani."

Walinipigia makofi. Nilijiona mkubwa siku ile, jamani.

Bwana Éphraïm akaamua. Kila anayeagiza kwa foni atalipa ushuru. Na atakayeutoza ni mwenye foni mwenyewe. Aandike kwenye kaye jina la mnunuzi, kitu alichoagiza, na muuzaji wa ng'ambo. Kila Jumamosi apeleke.

Anwari hakupenda kabisa.

"Mama, mimi kazi yangu ni kuita Kigoma. Sikusomea kutoza watu. Na majina ya nini? Wachukue ushuru, majina waache."

"Bila majina mtadanganya," nikamjibu.

Mnaona? Yale majina niliyadai mimi.

Basi watu wakaanza ujanja. Hakuna aliyetaka jina lake likae ofisini, vita vile. Pascasie alikuwa anaandikisha mama mkwe wake.

"Mwache ajulikane, amenitesa vya kutosha," anasema.

Mwingine anataja jina la mdeni wake. Anwari anaandika tu. Ushuru unalipwa, nani atauliza?

Sasa nisikilizeni hapa.

Mwezi wa tano, gari lililokuwa linatuletea mawe ya redio toka Bujumbura lilichomwa njiani. Meza yangu ikabaki na chumvi na sabuni. Wavuvi wanataka mawe ya tochi, mimi sina. Nikakaa wiki mbili.

Siku moja nikaenda kwa Anwari, nikafunga mlango.

"Niitie Kigoma. Katoni mbili za mawe ya redio."

Alinitazama, akaanza kucheka taratibu.

"Mama wa soko zima! Leo wewe?"

"Nyamaza. Ushuru nitalipa wote, chukua huu hapa. Ila jina langu usiandike. Pascasie akilijua, nitahama mji huu."

"Niandike nani?"

Nikafikiri. Mtu aliye hai anaweza kulalamika.

"Andika baba yako."

Anwari aliacha kucheka. Kalamu ilikaa hewani kidogo.

"Mama, baba amepumzika..."

"Ndiyo maana. Hatakasirika."

Akaandika. Asmani Radjabu, mawe ya redio, katoni mbili.

Sikukwepa ushuru hata kidogo. Nilichokwepa ni kuchekwa.

Kaye ilikwenda ofisini Jumamosi kama kawaida. Kutoka pale ilifikaje kwa wanajeshi, sijui mpaka leo. Najua tu kwamba watu wa milimani, waasi, walikuwa wanatafuta sana mawe ya redio. Na kwa sababu yao, kila aliyeongea na ng'ambo ya mpaka alikuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Turudi pale mlangoni.

"Nani alikuja kuagiza kwa jina hili?" mkubwa akauliza.

Anwari aliinua macho, akaniona. Akatikisa kichwa. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

"Sikumbuki, shefu."

Wakamwinua. Wakamfunga mikono kwa waya wa foni yake. Alipokuwa anapandishwa kwenye lori ndipo sauti ilinitoka.

"Ni mimi! Mawe ya redio ni yangu. Jina ni la mume wangu, mimi nililitoa."

Mkubwa akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye lile bakuli.

"Wewe si ndiye yule mama wa ushuru? Uliyesema foni inaua soko?"

"Ndiyo mimi."

"Halafu wewe uagize kwa foni?"

Akawaangalia watu waliosimama njiani. Pascasie alikuwepo.

"Huyu mama ananunua kwa foni?"

"Hapana, shefu," Pascasie akajibu haraka. "Hawezi. Mwamini hawezi hata siku moja."

Alidhani ananiokoa. Masikini Pascasie.

"Mama, nenda nyumbani," mkubwa akasema, kwa upole kabisa. "Kila mama anataka kumfia mutoto wake."

Lori likaondoka.

Nilikwenda kambini kila siku na bakuli. Mlinzi anapokea, anasema murakoze mama, yaani asante, kesho yake ananirudishia tupu. Nikawa nafurahi. Ukiona bakuli tupu unajua mtoto anakula.

Siku ya tisa niliangalia lile bakuli vizuri. Lilikuwa limeoshwa. Limesuguliwa na mchanga, linang'aa.

Anwari hakuwahi kuosha bakuli maishani mwake. Nilimgombeza kwa hilo tangu akiwa mdogo.

Nikamuuliza mlinzi, "Nani anakula chakula hiki?"

Akatazama chini. Alikuwa kijana wa watu tu.

"Mama, kesho usije."

Kaburi sijaonyeshwa mpaka leo.

Pascasie alikufa bila kujua. Mara nyingi nilitaka kumwambia, kila mara nikaishia kumsalimia amahoro, tukaongelea mvua.

Mjukuu wangu Yasmini, aliyeachwa na Anwari akiwa na miaka mitatu, sasa ananunua viatu kwa simu. Juzi wenzake walikuwa wanabishana humu humu mnamosoma, wengine wanataka ushuru ukatwe, wengine wanasema vya simuni visiguswe. Maneno yale yale. Nikasoma mpaka mwisho, ndipo nikaanza kuandika haya.

Bisheni, wanangu. Lipeni au kataeni. Ila neno ulilolisema mbele ya watu, ukilivunja, livunje mbele yao. Wakucheke, uende kulala na watoto wako wote.

Jana Yasmini aliniagizia kandambili. Akauliza, "Bibi, niandike jina la nani? Naweza kuweka la uongo, wote wanafanya."

Nikamwambia, "Andika Mwamini. Herufi zote, mwanangu. Na unionyeshe kabla hujatuma."