Kiti cha Kuvuka Mpaka

Fundi Sofa alikuwa na karakana ndogo kando ya barabara kuu iendayo mpakani. Alitengeneza viti na kuvivalisha vitambaa vipya. Zamani meza yake ya kazi ilitazama ukuta. Binti yake alipoolewa ng'ambo ya mpaka, aliigeuza ikatazama barabara. Wateja walipouliza, alisema anataka mwanga.

Mkewe hakudanganyika. Kila basi la mpakani lilipopita, mkono wa mumewe ulisimama na sindano hewani mpaka basi lilipopotea kwenye kona.

"Iko siku utajichoma," mkewe alimwambia.

"Nimezoea."

"Umezoea kuchomwa, au umezoea kutazama?"

Fundi alicheka kidogo, akarudi kwenye mshono wake.

Binti huyo ndiye mtoto wao wa pekee. Alipokuwa nyumbani, aliimba akiosha vyombo na kubishana na watangazaji wa redio kana kwamba wanamsikia. Sasa redio ilisema yenyewe, hakuna wa kuibishia. Mama yake bado alikosea kipimo jikoni. Mara kwa mara alipika chakula cha watu watatu.

Siku moja binti alipiga simu.

"Mama, siku zangu zinakaribia. Njoo kabla sijajifungua. Mama mkwe wangu ni mwema sana, lakini si wewe."

"Tutakuja, mwanangu. Mimi na baba yako."

Kabla ya safari, mama alikwenda zahanati kuchukua vidonge vyake vya shinikizo la damu. Alirudi mikono mitupu kwa mara nyingine.

"Muuguzi anasema dawa zililetwa," alimweleza mumewe. "Zimetoka kabatini, na hakuna anayejua zimekwenda wapi. Wenzangu pale wamekaa kwenye benchi mpaka wamechoka. Tumeambiwa tukanunue dukani."

"Tutanunua," Fundi alisema. Lakini uso wake ulionyesha wasiwasi.

Siku ya kuondoka ilipokaribia, mteja mmoja alikuja karakanani. Watu walimwita Mtanashati, kwa sababu shati lake halikuwa na mkunjo hata jua liwe kali namna gani. Siku chache nyuma, Fundi alikuwa amemtengenezea kiti kikubwa cha sofa. Sasa alikirudisha, kimeviringishwa nailoni kila upande.

"Fundi, nasikia kesho mnavuka," alisema. "Kaka yangu anaishi ng'ambo. Kiti hiki ni chake. Nisaidie kumfikishia. Atakupokea stendi."

"Mizigo yetu ni mingi."

"Pikapu yako ina nafasi. Tena ni kiti ulichokitengeneza kwa mikono yako. Kuna ubaya gani?"

Fundi aliona hakuna ubaya. Tena alifurahi kwamba kazi yake itakaa sebuleni kwa watu wa nchi nyingine.

Mkewe hakupenda. "Kwa nini asikipeleke mwenyewe?"

"Ana shughuli."

"Shughuli gani? Kupiga pasi mashati?"

Walicheka, na jambo likaishia hapo. Fundi alipokipakia kiti, alikiona kizito kuliko alivyokikumbuka. Akajiambia kwamba mgongo wake umezeeka.

Waliondoka asubuhi. Mama alikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwa ameiona siku nyingi. Alizungumza njia nzima. Mtoto atafanana na nani? Kama ni masikio ya babu yake, Mungu apishe mbali.

"Masikio yangu yana kasoro gani?" Fundi aliuliza.

"Hayana kasoro. Ni mengi tu."

Kisha vilima vya ng'ambo vikaonekana, vya bluu na vya kimya. Mama aliacha kuzungumza. Nyuma ya vilima vile ndiko alikokuwa mtoto wake.

Hapo ndipo walipokuta foleni. Polisi walikuwa wamepanga mapipa katikati ya barabara, na kila gari lilisimamishwa. Sajini, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisogea dirishani.

"Zima injini, baba. Mnakwenda wapi?"

"Kwa binti yetu, ng'ambo. Anakaribia kujifungua."

"Mungu amsaidie. Nyuma mmebeba nini?"

"Nguo zetu, vitu vya mtoto, na kiti."

"Kiti ni chenu?"

Fundi alisita. "Cha mteja. Nampelekea ndugu yake."

"Nani amekifunga?"

"Nimekitengeneza mwenyewe, afande."

"Sikuulizi nani amekitengeneza, baba. Nauliza nani amekifunga."

Fundi aligeuka kuitazama nailoni.

"Shukeni, tafadhali," sajini alisema. "Simameni hapa mwone tunavyopekua. Mzigo ni wenu, na mna haki ya kuangalia."

Askari mwingine alichana nailoni. Sajini alibonyeza kiti mgongoni, akabonyeza mikononi na mahali pa kukalia. Alikiinamisha akatazama chini. Hakuona kitu. Nyuma yao madereva walianza kupiga honi.

"Kirudishe," alimwambia askari.

Lakini Fundi alikuwa ameona. Chini ya mgongo wa kiti palikuwa na mshono mrefu, ulionyooka. Rangi ya uzi ilifanana na ya uzi wake. Ila yeye hakushona hivyo. Mishono yake ilikuwa mifupi, na ililala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mtu mwingine alikuwa amekifumua kiti hiki, akakishona upya.

Alitazama vilima. Akinyamaza, wataondoka sasa hivi. Kabla jua halijawa kali watakuwa mlangoni kwa binti yao. Akisema, hajui watalala wapi. Mkewe alikuwa tayari ameshika mlango wa gari ili apande.

"Afande," Fundi alisema. "Mshono huu si wangu."

Mkewe aligeuka. "Unasema nini?"

"Mtu amekifungua kiti. Sijui ameweka nini. Lakini si mimi."

Sajini aliomba kisu. Mshono ulipokatwa, waliona sponji imechimbwa katikati. Ndani mlijaa maboksi madogo yaliyopangwa vizuri. Kila boksi lilikuwa na muhuri wa serikali na maneno haya: Si ya kuuzwa.

Mama alisogea. Aliinama akasoma maandishi ya boksi moja.

"Hivi ni vidonge vyangu," alisema polepole. "Hivi ndivyo nilivyovikosa zahanati."

Sajini aliamuru pikapu isogezwe kando ya barabara.

Walipelekwa kituoni kuandika maelezo. Walihojiwa kila mmoja peke yake. Mama aliketi kwenye benchi karibu na dirisha. Kutoka pale aliviona vilima, na njia nyembamba ikipanda kuelekea langoni mwa mpaka. Magari madogo kama punje yaliipanda njia ile, moja baada ya jingine, yakavuka. Aliyatazama mpaka macho yakamuuma.

Baadaye sajini aliwaletea chai.

"Watu wengi hudhani tunazuia vitu vibaya visiingie nchini," alisema. "Hiyo ni kweli. Lakini pia tunazuia vitu vizuri visitoke kwa magendo. Dawa hizi zimenunuliwa kwa kodi ya wananchi. Zikiibwa, huko ng'ambo zinauzwa ghali, na huku wagonjwa wanakosa. Wezi hao hawapiti hapa wenyewe. Wanamtafuta mtu mwaminifu, mwenye safari ya kweli. Mtu kama wewe, baba."

"Kwa hiyo mimi ni mhalifu?" Fundi aliuliza.

"Tunachunguza. Aliyebeba ndiye wa kwanza kuulizwa. Ungenyamaza, na askari wa kizuizi cha mbele wakazikuta, ungekuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Umetuambia mwenyewe. Hilo limeandikwa kwenye maelezo yako."

"Na binti yetu?" mama aliuliza.

Sajini aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Hamtavuka hadi uchunguzi ukamilike. Gari na kiti vitabaki hapa kama vielelezo vya ushahidi."

Kesho yake asubuhi, baada ya kulala kwenye benchi la kituo, wakiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, simu iliita.

"Mama, ni msichana," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimempa jina lako. Usiku nilikuwa nakuita, nikasahau kwamba hujafika."

Mama aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alimpa mumewe simu. Fundi naye aliishika tu sikioni. Nyuma ya sauti ya binti yake kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, kali. Alimsikiliza mjukuu wake akilia, huku basi likizidi kumpeleka mbali naye.

Polisi walimkamata Mtanashati wiki hiyohiyo. Yule aliyesubiri stendi hakuwa kaka yake. Mtunza stoo wa zahanati naye alikamatwa. Kesi ilichukua muda. Fundi na mkewe walikwenda mahakamani kutoa ushahidi.

Miezi ikapita. Mjukuu alikua ndani ya simu. Alitabasamu ndani ya simu, akaketi ndani ya simu, akaota jino ndani ya simu. Mama alipoonyeshwa jino hilo, aligusa kioo kwa kidole, kana kwamba angelihisi.

Pikapu ilirudishwa. Lakini Fundi hakutaka kusafiri.

"Sipiti tena pale," alisema. "Wakiniona watasema ni yuleyule wa dawa."

"Basi mimi mjukuu nitamlea kwenye simu?" mkewe aliuliza. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira.

Jirani yao alikuwa mwanamke aliyestaafu kazi ya forodha, na mtaa mzima ulimwita Mama Forodha. Mama wa binti alimweleza yote. Jioni, Mama Forodha alipita karakanani, akaketi kwenye kiti ambacho bado hakijavalishwa kitambaa.

"Shemeji, niambie ukweli," alisema. "Unaogopa polisi, au unaogopa mzigo?"

Fundi alifikiri. "Naogopa kuulizwa kitu nisichokijua."

"Hilo lina dawa. Beba unachokijua tu. Funga mizigo yako mwenyewe, tena usiiache ikalala kwa mtu. Mtu akikuomba ubebe kitu chake, mwambie akipeleke mwenyewe au akitume kwa kampuni ya vifurushi, kwa jina lake."

"Hata kama ni ndugu?"

"Ndugu afungue mfuko mbele yako, utoe kitu kimojakimoja. Akikasirika, umeshapata jibu."

Fundi alitabasamu. "Na kile kizuizi?"

"Ukisimamishwa, simama. Zima gari, toa kitambulisho, jibu unachoulizwa. Wakipekua, omba kuwepo. Usimpe askari chochote ili akupitishe haraka. Hilo nalo ni kosa, na anayelidai unaweza kumripoti kituoni. Halafu langoni, nenda dirisha la forodha utangaze ulichobeba, hata kama ni zawadi. Wao watakwambia kama kina ushuru au hakina. Wengi hupita kimya wakidhani kukaa kimya ni salama."

"Na dawa zangu?" mama aliuliza kutoka mlangoni. "Hizo nazo zitaniletea balaa?"

"Dawa zako ni zako. Ziache kwenye pakiti yake, ubebe na cheti cha daktari. Kiasi cha safari kinatosha."

Mama sasa alikuwa na dawa za kubeba. Baada ya kesi ile, zahanati ilipata mtunza stoo mpya. Dawa zikija, zinahesabiwa mbele ya kamati ya wananchi. Siku aliyokwenda kuchukua vidonge vyake, wenzake wa benchini walitoka kila mmoja na kipakiti mkononi. Mmoja wao alimwambia, "Mwambie mumeo tunamshukuru." Mama alifikisha salamu hizo mara mbili, ili zimwingie.

Fundi alianza kushona godoro dogo la kitanda cha mtoto. Hakumruhusu hata kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake kuligusa. Siku ya safari, yeye na mkewe walitandika mkeka, wakapanga kila kitu juu yake, wakafunga pamoja. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alileta kifurushi kilichofungwa kwa gundi.

"Ni nguo tu za dada yangu," alisema.

"Tufungue tuzione, kisha tutazibeba," Fundi alimjibu.

Mwanamke alifungua. Zilikuwa nguo tu. Wakazifunga upya na zao.

Kwenye kizuizi, Fundi alizima injini kabla ya kuambiwa. Askari wa siku hiyo alikuwa kijana ambaye hakuwafahamu. Aliuliza maswali yaleyale. Safari hii Fundi alikuwa na jibu la kila moja. Askari alitazama mizigo, akabonyeza godoro, akawatakia safari njema. Langoni walitangaza zawadi zao dirishani. Ofisa alizikagua, akagonga mihuri kwenye hati zao. Mama aliuliza, "Ndio imekwisha?" Ofisa akamwambia imekwisha. Bado mama alibaki amesimama pale, mpaka Fundi akamshika mkono.

Binti yao alikuwa anasubiri njiani, mbali na nyumba, mtoto kiunoni. Mama yake alimkumbatia. Kisha alinyoosha mikono kumpokea mjukuu.

Mtoto alimtazama, akapiga kelele, akajificha shingoni mwa mama yake. Alimtazama babu, akalia zaidi.

"Mtoto hatujui," bibi yake alisema. Alijaribu kucheka, lakini machozi yalimtoka.

"Atawajua," binti alisema. "Mpeni muda."

Siku ile hawakumlazimisha. Waliketi karibu naye, wakimwangalia akichezea vifuniko vya sufuria. Bibi aliimba jikoni na binti yake, wakabishana na redio. Jioni mtoto alitambaa hadi miguuni mwa babu, akashika suruali yake, akajivuta juu. Fundi hakusogea. Alimpandisha taratibu, na mtoto akalaza kichwa kifuani pake, akalala.

"Baba, njoo mezani," binti aliita. "Chakula kinapoa."

"Kiache kipoe," Fundi alisema.